Abushiri wa Pangani na karatasi ya miaka 50

Kila tukianza kuvutana kuhusu mikataba hapa Bongo, iwe ya madini au ya bandari, jina linalotupwa mezani ni la Mangungo wa Msovero. Masikini Mangungo, kabebeshwa lawama za nchi nzima! Leo wadau tumpumzishe kidogo. Tumzungumzie Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani, maana karatasi iliyoitoa pwani yetu haikuwa ya Mangungo hata kidogo.

Baba yake Abushiri alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi, mama yake Muoromo. Ujanani alikwenda bara, akapigana upande wa Waarabu wa Unyanyembe dhidi ya Mirambo. Baadaye akawa na shamba la miwa karibu na Pangani, na lililimwa na watumwa. Hilo tusilifiche. Na wakubwa wa Unguja walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na jirani zake akikusanya alama za machifu kwenye hati zake. Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Sultani Barghash akalalamika, lakini Agosti manowari za Kijerumani zikajipanga mbele ya Unguja, akanywea. Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili 10. Hata huo haukudumu. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyekuwa na kama mwezi mmoja tu kwenye kiti, aliikodisha kampuni pwani kuanzia Umba hadi Ruvuma kwa miaka 50. Kampuni ikusanye ushuru na kutawala kwa jina lake.

Watu wa Tanga, Pangani na Saadani walisikia tu kwamba wamekodishwa. Hivi nani aliwauliza?

Agosti 1888 Emil von Zelewski akatua Pangani kwa niaba ya kampuni. Akataka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali akagoma. Wakashushwa askari kutoka manowarini, wakaingia mpaka msikitini na mbwa, tena siku za Idi! Mji ukachemka. Sultani akamtuma Mwingereza wake, Lloyd Mathews, kupoza mambo. Naye akafukuzwa.

Hapo ndipo Abushiri akashika uongozi. Wajerumani waliita vita hivyo uasi wa Waarabu, lakini waliojaa vitani walikuwa Waswahili, Wabondei, Wazigua na wapagazi wa misafara. Saadani alikuwepo Bwana Heri. Wasafiri wawili waliokuwa wakishuka kutoka Usambara, Hans Meyer na Oscar Baumann, walitiwa pingu na Abushiri mpaka wakalipiwa fidia. Kufika mwisho wa Septemba kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Kampuni iliposhindwa, ikaja serikali yenyewe. Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2, na Hermann Wissmann akaja na Wasudani wapatao 600 aliowaajiri Misri, pamoja na askari wengine kutoka Msumbiji. Mei 1889 akaivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Julai Pangani na Tanga zikaanguka. Abushiri akakimbilia bara, akaishambulia Mpwapwa, lakini mwisho akakamatwa na jumbe mmoja na kukabidhiwa kwa Wajerumani. Tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Na mkataba wa miaka 50? Haukufika hata mitatu. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubaliana na Uingereza, Sultani akalipwa marki milioni 4, pwani ikachukuliwa moja kwa moja. Ukodishaji ulikuwa mlango tu.

Wakorea nao walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1905 Japani iliwasainisha mkataba wa ulinzi huku askari wake wakiwa wamejaa Seoul, na 1910 ikaimeza nchi yao kwa mkataba mwingine. Tofauti ni kwamba 1965 Japani na Korea Kusini ziliandika rasmi kwamba mikataba ile ilikwisha kuwa batili, na mpaka leo wanabishana ilibatilika lini. Sisi karatasi ya 1888 hatubishanii hata hivyo.

Mangungo inasemekana hakuelewa alichowekea alama. Khalifa alielewa, ila manowari zilimtosha. Abushiri hakusaini chochote, na ndiye aliyenyongwa. Mwenye shamba la watumwa akasimamia uhuru wa mji wake. Mtu hana upande mmoja jamani.

Haya wadau, hasa wa Tanga na Pangani. Wazee wenu waliwasimulia nini juu ya Abushiri? Shujaa, au tajiri aliyelinda mali yake? Uwanja ni wenu.