Shaaban Robert: Baba aliyewaandikia wanawe habari za kukua

Katika ukanda wa Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, Kiswahili ni lugha ya mwaloni, ya soko la ndagala na mikeke, ya msikitini na ya biashara ya mawese. Mtoto huisikia kabla hajajua kuhesabu. Darasani, hata hivyo, kwa miaka mingi alikutana na Kirundi na Kifaransa, na kitabu cha Kiswahili kilikuwa kitu cha kuvushwa mpaka kutoka upande wa Kigoma. Familia zilizokimbia mwaka 1972 zikapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo zililea watoto wao katika shule za Tanzania, na wengi wa watoto hao walirejea Burundi wakiwa watu wazima, wamekwisha kusomeshwa kwa Kiswahili. Mwandishi mmoja ambaye shule hizo hazikuweza kumkwepa ni Shaaban Robert. Hutajwa kama mshairi mkuu, kama mtetezi wa lugha, kama mwanafalsafa. Ni mara chache hutajwa kama mzazi, ilhali sehemu ya kazi yake iliyo karibu zaidi na moyo ilianza nyumbani, kwa mwanamume aliyefiwa na mke akabaki na watoto wanaohitaji kuambiwa jinsi ya kuishi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, katika kijiji cha Machui karibu na Tanga, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani, watawala wale wale waliokuwa wameishika Burundi. Asili ya wazee wake ilikuwa Uyaoni, lakini mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Jina la Robert, ambalo huwafanya wengi wadhani alikuwa Mkristo, lilikuwa la baba yake. Yeye alikuwa Mwislamu maisha yake yote. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, na alipomaliza alishika nafasi ya pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja waliopata cheti. Masomo ya darasani yaliishia hapo. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa taa ya usiku, baada ya saa za kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya ukarani. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko, kwa takriban miaka kumi na minane. Kisha alihamishiwa idara iliyoshughulika na wanyama, akafika hadi Longido katika nchi ya Wamasai, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya na baadaye katika idara ya upimaji wa ardhi. Ni maisha ya mtu wa mshahara mdogo chini ya serikali ya kikoloni, mtu wa kuhamishwa kwa barua, wa kupakia virago na kuondoka. Vitabu zaidi ya ishirini vilitoka katika maisha hayo.

Katikati ya miaka hiyo alifariki Amina, mkewe. Shaaban aliomboleza kwa shairi lenye jina la marehemu, ambalo hadi leo ni miongoni mwa maombolezo yanayosomwa sana katika Kiswahili. Lakini msiba wa mke si shairi tu. Nyumbani walikuwapo watoto wadogo, na katika desturi za pwani habari za kumkuza binti zilikuwa mikononi mwa mama, nyanya, shangazi na somo, yule mwanamke mzima anayemfundisha mwari mambo ya mwili na ya ndoa. Baba hakuwa na nafasi katika mazungumzo hayo. Shaaban alijitengenezea nafasi kwa njia aliyoiweza: aliandika. Kwa binti yake Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume akatunga Utenzi wa Adili. Tungo zote mbili aliziingiza katika kitabu cha habari za maisha yake, Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949. Msomaji wa kitabu hicho hukutana na jambo lisilo la kawaida: baba anasimulia kazi, safari na msiba wake, na ghafla anageuka kuzungumza na watoto wake, wakati watu wengine wote wanasikiliza.

Njia hiyo hakuibuni yeye. Karibu karne moja kabla, katika funguvisiwa la Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amelala kitandani kwa maradhi ya muda mrefu. Mwaka 1858, akihofu kwamba hatapona, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha: usafi wa mwili na wa nyumba, adabu mbele za watu, namna ya kuishi na mume, na namna ya kumwelekea Mungu wakati wa dhiki. Alianza kwa kumweleza mtoto habari za ugonjwa wake mwenyewe, bila kuuficha. Utendi huo ulihifadhiwa na wanawake kwa kunakiliwa na kwa kukaririwa. Shaaban Robert alipokaa kumwandikia Mwanjaa alikuwa akifuata nyayo za mama huyo, kwa tofauti moja kubwa: sauti iliyokuwa ya mama sasa ilikuwa ya baba, na hati iliyokuwa ya Kiarabu sasa ilikuwa ya Kirumi, ile ambayo mtoto wa shule ya kawaida angeweza kuisoma bila kumtafuta mwalimu wa chuoni.

Haifai kuzitazama tungo hizo kwa macho ya sifa pekee. Binti anahimizwa kushika dini, elimu, kazi na adabu, na hayo yanasomeka vizuri mpaka sasa. Lakini pia anahimizwa mno kumtii mume, wakati mume mwenyewe hadaiwi mengi. Mama anayemsomea bintiye utenzi huo leo, Nyanza-Lac au popote, atalazimika kusimama katika beti kadhaa na kuongeza maneno yake. Pengine ndivyo wasia unavyopaswa kusomwa. Wa mwana wa kiume una uzito mwingine: unamtaka awe mkweli, mwenye bidii, jasiri na mwenye huruma, na unamweleza kwamba uanaume hauji wenyewe kwa kuota ndevu.

Baada ya tungo za nyumbani vilikuja vitabu vya watoto wa watu wengine. Mwaka 1952 kampuni ya Macmillan ilichapisha Adili na Nduguze, hadithi fupi ambayo asili yake ni kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, lakini ambayo Shaaban aliifuma upya mpaka ikawa ya Kiswahili kabisa. Adili ni liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai. Inagunduliwa kwamba kila usiku anawachapa mijeledi manyani wawili, huku akilia, kisha anawalisha chakula kizuri. Manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walikula urithi wao wakaumaliza, Adili akawagawia wake. Wakasafiri pamoja, wivu ukawashika, wakamtupa baharini. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, alimtoa majini akawageuza nduguze kuwa manyani na kumwamuru awachape kila usiku. Ni mfalme Rai anayeingilia kati kuomba adhabu hiyo iondolewe, na ndugu hao wanarudi kuwa watu.

Mtoto husoma kisa hicho kwa ajili ya majini, mji uliogeuka mawe na manyani wanaolia. Ndani yake, hata hivyo, mna jambo ambalo kila nyumba yenye watoto wengi inalijua: mmoja anapendwa zaidi, au anadhaniwa kupendwa zaidi, na mwingine anaumia asiseme. Shaaban hakuufanya wivu kuwa dhambi ya watu wa mbali. Aliuweka kati ya ndugu, mezani, katika mgawo wa mali ya baba. Kasoro yake ni kwamba Adili ni mwema kupita kiasi. Mtoto wa kawaida hujiona zaidi katika Mwivu kuliko katika Adili. Labda kwa sababu hiyo sehemu inayokaa kichwani si wema wa Adili bali ni machozi yake anaposhika mjeledi.

Suala la afya lilimjia katika kitabu kingine, Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya 1940. Nchi ya Kufikirika ina neema zote isipokuwa moja: mfalme na malkia hawana mtoto. Wanaitwa waganga wa kila namna, wa mizizi, wa makafara, wa hirizi na wengineo, kila kundi likijigamba na kila kundi likishindwa, hadi watabiri wanapotoa habari za mtoto atakayezaliwa. Msomaji anacheka, kisha anajiuliza kama kicheko chake hakimhusu mwenyewe. Utasa ni jambo linalozungumzwa kwa minong'ono katika vijiji vyote vya ziwani na vya pwani, na lawama yake mara nyingi hutupwa kwa mwanamke peke yake. Shaaban aliliweka barazani, mbele ya mfalme na malkia kwa pamoja.

Mtoto anazaliwa, anakua, anapewa mwalimu. Mwalimu huyo, Utubusara, anaongeza michezo katika ratiba ya masomo, akiamini kwamba mwili wa mtoto unahitaji kucheza kama akili yake inavyohitaji kusoma. Kwa kosa hilo anafukuzwa kazi. Baadaye mwana wa mfalme anaugua, na tiba inayotangazwa ni kuchinja kafara ya watu wawili, mmoja mjinga na mmoja mwerevu. Katika hukumu hiyo ndipo hoja ya kitabu inapokaza: je, uhai wa mtoto mmoja, hata awe mrithi wa ufalme, ununuliwe kwa uhai wa wengine? Ni Utubusara anayesimama kuitetea haki ya kuishi. Katika nchi ambako wazazi hadi leo hupimana kati ya zahanati na mganga mtoto anapozidiwa usiku, na katika mwambao ambao umeonja kipindupindu zaidi ya mara moja, kisa hicho hakisomeki kama ngano ya kale. Shaaban hakuandika mwongozo wa afya; hakuna ukurasa unaoeleza kuchemsha maji wala kujikinga na malaria. Aliandika namna watu wanavyofikiri wanapokuwa na hofu ya kufiwa na mtoto, na hilo miongozo mingi ya afya huliruka.

Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu vya udongo kabla ya kuja mjini na kuwa sauti iliyorekodiwa hadi Bombay mwaka 1928. Siti hakuwa na nasaba, hakujua kusoma, na wapinzani wake walimkejeli hadharani kwa sura na kwa hali yake. Kwa msichana anayeonewa shuleni kwa umaskini au kwa umbo lake, wasifu huo una faida kuliko mawaidha ya Utenzi wa Hati, kwa sababu unamwonyesha mtu badala ya kumpa amri.

Kuvichapisha vitabu hivi kulimgharimu. Vingine vilichukuliwa na wachapishaji wa Uingereza na Afrika Kusini, lakini Shaaban alipoona hali hairidhishi alianzisha shughuli yake mwenyewe ya uchapishaji huko Tanga, akitumia fedha za karani kugharamia kazi za mwandishi. Alitunukiwa nishani ya MBE na tuzo ya Margaret Wrong, alikuwamo katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na jina lake lilijulikana Kenya, Uganda na Zanzibar. Mswada wa Kufikirika, pamoja na mingine, ulibaki sandukuni.

Alifariki mwezi Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi sita kabla. Burundi ilikuwa ikihesabu siku, kwani bendera yake ilipandishwa tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini kilitoka mwaka 1966, Kufikirika mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Watoto wa Burundi walioketi kwenye madawati ya Ulyankulu na Mishamo miaka michache baadaye walivikuta vitabu vya mtu ambaye hakuwahi kuviona baadhi yake vikiwa vimechapwa. Wengi wao waliporudi mwambao wa ziwa, kuanzia mwaka 2008, walikuta watoto wao wakitakiwa kusoma kwa lugha nyingine, na masuala ya mwili, maradhi na wivu wa ndugu yakaendelea kuzungumzwa nyumbani kwa Kiswahili, jioni, kwa yale ambayo mzazi anayakumbuka.