IBN KHALDUN: ALIZALIWA RAMADHAN, AKAFARIKI RAMADHAN



 Mwaka huu nimeombwa niandike maisha ya mmoja katika wanavyuoni wetu wa zamani, nami nimemchagua Ibn Khaldun (Allah amrehemu). Sababu yangu imeanzia darasani, na si darasa la madrasa.

Mimi nasomea uchumi chuo kikuu. Tuna somo moja linaitwa historia ya fikra za uchumi. Humo tunafundishwa ni nani walioanza kufikiri juu ya bei, kodi, kazi na mali. Tulianza na Wayunani, Aristotle na wenzake, tukaruka mpaka kwa padri Thomas Aquinas wa karne ya 13, kisha hao mbio mpaka kwa Adam Smith wa Scotland na kitabu chake cha mwaka 1776. Nimekaa nyuma najiuliza: jameni, miaka yote ile Baghdad, Cairo na Fez watu hawakununua wala kuuza? Hakuna aliyekaa chini akafikiri?

Nikanyoosha mkono nikauliza. Mhadhiri akaniambia niende maktaba nikamsome Ibn Khaldun, wiki ijayo nije nilisimulie darasa. Wallahi niliona haya. Jina hilo nimelisikia tangu nasoma madrasa huku nyumbani Voi, ustadh akilitaja kwa sifa, lakini sikujua hata jambo moja alilolisema. Basi haya ndiyo niliyoyakuta.

KUZALIWA NA KUSOMA

Jina lake ni Abdul-Rahman bin Muhammad bin Khaldun, na kuniya yake ni Abu Zayd. Alizaliwa mjini Tunis siku ya kwanza ya Ramadhan mwaka 732 Hijria, sawa na tarehe 27 Mei 1332. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, ndiyo maana akaitwa pia al-Hadhramy. Sisi watu wa Pwani na bara yake Hadhramaut si jina geni kwetu, maana wengi wa majirani zetu asili yao ni huko huko. Wazee wake waliishi Seville, Andalusia, wakashika vyeo vikubwa, kisha wakauhama mji ule kabla haujaanguka mikononi mwa Wakristo mwaka 1248, wakaja kukaa Afrika Kaskazini.

Baba yake aliachana na mambo ya serikali akashughulika na elimu. Kijana akahifadhi Qur'ani, akasoma hadithi, fiq-hi ya Imam Malik na lugha ya Kiarabu. Alikuwa pia na mwalimu aitwaye al-Abili, aliyemfundisha mantiki, hisabati na falsafa.

Alipofika umri wa miaka 17 ukaja msiba. Ile tauni kubwa ya 1348 na 1349, iliyoua watu wengi Asia, Ulaya na Afrika Kaskazini, iliingia Tunis. Ikamchukua baba yake, ikamchukua mama yake, ikawachukua na wengi katika walimu wake. Hebu fikiria wewe ndiye uko kidato cha nne, ndani ya mwaka mmoja umebaki huna baba, huna mama, huna mwalimu. Baadaye aliandika kwamba baada ya tauni ile ulimwengu ulikuwa kama umegeuka wote, na kwamba zama mpya zilihitaji mtu wa kuziandika upya.

SIASA, VYEO NA JELA

Akiwa na miaka kama 20 alipewa kazi ya uandishi katika serikali ya Tunis. Kisha akaenda Fez kwa Sultan Abu Inan. Hapo ndipo alipoonja siasa. Mwaka 1357 alishukiwa kuingia katika njama, akatiwa jela karibu miaka miwili, mpaka sultan alipofariki mwaka 1358.

Mwisho wa mwaka 1362 alivuka bahari kwenda Granada, akapokewa vizuri na Sultan Muhammad wa Tano. Mwaka 1364 alitumwa balozi kwa mfalme Mkristo wa Castile, Pedro, mjini Seville, mji ule ule wa wazee wake. Pedro alimtaka abaki, naye atamrudishia mali ya ukoo wake. Alikataa. Kijana wa leo ukiahidiwa shamba la babu yako lililopotea zaidi ya miaka 100, utakataa?

Lakini tusimfanye malaika. Kwa miaka mingi alihama kutoka sultan mmoja hadi mwingine, leo yuko na huyu, kesho yuko na adui yake. Waandishi wengi wamemlaumu kwa hilo, na lawama hiyo ina mahali pake.

NGOME ILIYOKUWA MBALI NA WATU

Mwaka 1375 alichoka. Akaichukua familia yake akaenda kukaa katika ngome ya Ibn Salama, mahali pa upweke katika nchi tunayoiita leo Algeria. Alikaa karibu miaka minne. Huko ndiko alikoandika Muqaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Aliimaliza mwaka 1377, na yeye mwenyewe ameeleza kuwa aliiandika kwa muda wa miezi mitano. Sisi miezi mitano hatumalizi hata kunakili noti za semista moja!

Swali lake lilikuwa hili: kwa nini dola huinuka, zikanawiri, kisha zikaanguka? Hakuridhika na kuhesabu wafalme na vita. Alitaka kujua sababu, na kutafuta sababu kukamfikisha kwenye uchumi.

ALISEMA NINI JUU YA UCHUMI?

Kwanza, kazi. Alieleza kuwa chumo la mtu asili yake ni kazi ya watu. Hata dhahabu na fedha ni vipimo vya thamani tu. Utajiri wa nchi unatokana na watu wake na kazi zao.

Pili, kugawana kazi. Alisema mtu mmoja peke yake hawezi kujitosheleza hata ngano ya chakula chake, maana anahitaji mkulima, mhunzi, seremala, msagaji na mwokaji. Lakini watu wakisaidiana, kinachopatikana huwatosha wao na kuzidi. Hebu tazama mkate utakaofuturu nao leo hapa Voi. Ngano yake haikuota Voi. Imelimwa mbali, ikasagwa kiwandani, ikapakiwa lori, ikapanda barabara ya Mombasa, kisha mwokaji akaamka alfajiri na muuza duka akakuwekea. Adam Smith alipokuja kueleza jambo hili kwa mfano wa kiwanda cha pini, Ibn Khaldun alikuwa ameshalieleza karibu miaka 400 kabla.

Tatu, kodi. Alieleza kuwa dola inapoanza, kodi huwa ndogo, watu wana hamu ya kufanya kazi, na hazina hujaa. Dola ikizeeka, wakubwa huzoea anasa, matumizi yakazidi, basi wakaongeza kodi juu ya kodi. Hapo mfanyabiashara huvunjika moyo, akafunga duka, na hazina badala ya kujaa ikapungua. Mwezi Oktoba 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja Ibn Khaldun mbele ya waandishi wa habari alipokuwa akitetea sera yake ya kupunguza kodi. Lakini ukimsoma vizuri utaona kuwa hakuwa akiwatetea matajiri. Alikuwa akilaumu anasa ya watawala, na alisisitiza kuwa dhulma ndiyo inayobomoa nchi. Kumchukulia mtu mali yake bila haki, au kumfanyisha kazi bila malipo, kote kwake ni dhulma.

Nne, serikali kufanya biashara. Alionya kuwa sultan akiingia sokoni kushindana na raia wake, raia wataumia, maana hakuna mwenye mtaji wala nguvu kama zake.

Tano, na hili ni la mwezi huu hasa. Alitaja wale wanaoficha nafaka wakingoja bei ipande. Akasema mali hiyo haina heri, kwa sababu watu hulipa kwa shida kitu ambacho hawawezi kukikosa, na nyoyo zao hubaki zimeng'ang'ania pesa walizotolewa. Ndugu yangu mwenye duka, unapoficha sukari na tende mwezi wa Shaaban, mkumbuke mzee huyu.

MISRI NA MSIBA WA PILI

Mwaka 1382 aliaga Tunis kwa nia ya kwenda hija. Meli yake ilifika Alexandria siku ya Idul-Fitri. Cairo ilimshangaza kwa ukubwa wake. Akafundisha Azhar, na mwaka 1384 Sultan Barquq akamteua kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Alikataa rushwa, akawabana mashahidi wa uongo, akakataa maombi ya wakubwa. Maadui wakajaa.

Wakati huo huo familia yake ilikuwa njiani kwa meli kutoka Tunis kumfuata. Meli ikapigwa na dhoruba karibu na Alexandria ikazama. Mkewe na watoto wakaghariki, na vitabu vyake pia. Kijana aliyewapoteza wazazi kwa tauni, sasa ni mtu mzima anawapoteza mke na watoto kwa bahari. Hakupita muda mrefu akaondolewa ukadhi. Mwaka 1387 akaenda kuhiji, akarudi kwenye kusomesha. Mwanafunzi wake mmoja, al-Maqrizi, naye alikuja kuandika juu ya njaa ya Misri na namna sarafu za shaba zilivyoharibu bei.

Mwaka 1401, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alikuwa Damascus wakati Timur ameuzingira mji. Milango ilikuwa imefungwa, basi akaomba ateremshwe ukutani kwa kamba ili aende kuonana naye. Alikaa na mshindi huyo zaidi ya mwezi, akamwandikia habari za nchi za Maghrib. Timur akamtaka nyumbu wake, naye akampa. Baadaye pesa za nyumbu zikaletwa Cairo, lakini hakuzipokea mpaka kwanza akamjulisha sultan wake.

Alirudishwa ukadhi na kuondolewa mara kadhaa. Mara ya mwisho ilikuwa ya sita. Akafariki akiwa bado kadhi, katika kumi la mwisho la Ramadhan mwaka 808 Hijria, Machi 1406. Alizikwa Cairo nje ya Bab al-Nasr. Kaburi lake halijulikani leo.

PALE NILIPOFUNGA KITABU

Sasa nikwambie lililonikera. Katika Muqaddima kuna mahali anazungumzia watu weusi. Zuri ni kwamba aliipinga hadithi ya kuwa weusi wetu ni laana ya Ham mwana wa Nuhu. Akasema rangi ni matokeo ya joto la nchi. Lakini mbele kidogo akawasema vibaya watu weusi wa nchi za joto, kwa maneno ambayo mtoto wa Taita au wa Mrima akiyasoma yatamuumiza. Nilifunga kitabu. Nikajiuliza, huyu ndiye niliyekwenda kujivunia mbele ya darasa?

Kilichonirudisha ni kisa alichokitaja yeye mwenyewe. Ibn Battuta aliporudi safari zake akasimulia maajabu ya India, watu wa Fez walimwona mwongo. Ibn Khaldun naye akawa na shaka. Waziri Faris bin Wadrar akamuonya asikatae jambo kwa sababu tu hajaliona, akampa mfano wa mtoto aliyekulia jela na baba yake. Kila akiambiwa habari za kondoo, mtoto alidhani ni mfano wa panya, kwa sababu mnyama aliyemjua ni panya wa jela tu.

Kumbe Ibn Battuta huyo huyo alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, mwaka mmoja kabla Ibn Khaldun hajazaliwa, akaisifu Kilwa kwa uzuri wake na sultan wake kwa ukarimu. Ibn Khaldun hakufika huku. Kwa habari zetu sisi, yeye ndiye aliyekuwa yule mtoto wa jela.

Wiki iliyofuata nilisimama nikayasema yote, la kodi na la watu weusi pia. Mwenzangu mmoja akauliza kama Adam Smith alimuibia. Nikajibu kuwa hakuna ushahidi huo, na Ibn Khaldun mwenyewe ndiye aliyetufundisha tusipokee habari bila kuipima. Swali gumu zaidi ni letu: kitabu kilikuwa cha kwetu, mbona mimi nimeelekezwa kukisoma na mhadhiri wa chuo kikuu?

MAFUNZO

Kwanza, msiba usikukatishe elimu. Pili, heshimu wanavyuoni bila kuwafanya wasiokosea. Tatu, madrasa na chuo kikuu si maadui. Ibn Khaldun alisoma fiq-hi na hisabati kwa pamoja. Nne, vijana, tusijivunie majina tu. Tusome walichoandika.

Tunapoingia kumi la mwisho, katika dua zako mkumbuke mzee huyu aliyefariki katika siku kama hizi. Allah amrehemu, azikubali saumu zetu, atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.