Enrico Fermi: Mwanasayansi aliyewasha kinu cha kwanza cha nyuklia

ADHUHURI ya Desemba 2, 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, mwanafizikia Enrico Fermi aliwaagiza wenzake wasimamishe kazi, waende kula chamcha.

Walikuwa wamekaribia kukamilisha jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Muda mfupi awali, fimbo ya usalama ilikuwa imejitumbukiza yenyewe kinuni kwa kishindo, kwa kuwa ilikuwa imetegwa kwa kiwango cha chini mno. Hitilafu hiyo haikuwa kubwa, lakini Fermi hakuwa mtu wa pupa. Nje ya kuta hizo kulikuwa na jiji lenye mamilioni ya wakazi.

Fermi alizaliwa jijini Roma, Italia, Septemba 29, 1901. Mwaka wa 1915 alifiwa na kakake, Giulio, aliyekuwa pia rafiki yake wa dhati, na tangu hapo vitabu vya fizikia vikawa liwazo lake. Mnamo 1926, kabla ya kutimiza umri wa miaka 26, tayari alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Roma.

Mwaka wa 1934 alianza kuzipiga elementi moja baada ya nyingine kwa nutroni ili aone zipi zingetoa mnururisho. Yeye na vijana wake walijiundia wenyewe vifaa vya kupimia. Kwa kuwa chanzo cha nutroni kingevuruga vipimo, vifaa hivyo viliwekwa mwisho wa ujia, nao wanasayansi wakawa wanatimua mbio na sampuli mkononi kabla mnururisho haujafifia.

Oktoba mwaka huo, Fermi aligundua kwamba nutroni zikipitishwa kwenye nta hupunguza kasi, na zikishapunguza kasi hunaswa kwa wepesi zaidi na viini vya atomu. Ugunduzi huo ndio uliokuja kuwa msingi wa vinu vingi vya nyuklia.

Hata hivyo, bingwa huyo wa vipimo alipitwa na jambo kubwa. Alipoijaribu urani, aliifunika kwa karatasi nyembamba ya aluminiamu ili kuzuia miale yake ya kawaida. Karatasi hiyo ilizuia pia dalili za kupasuka kwa viini vya urani. Fermi alidhani amepata elementi mpya. Ukweli ulidhihirika miaka minne baadaye, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipofanya majaribio yao nchini Ujerumani, nao Lise Meitner na Otto Frisch wakayafafanua.

Mwaka huo wa 1938, utawala wa Mussolini ulipitisha sheria za kuwabagua Wayahudi. Mkewe Fermi, Laura, alikuwa Myahudi. Fermi alipoalikwa Stockholm mwezi Desemba kupokea Tuzo ya Nobel, aliandamana na familia yake yote. Hawakurejea nyumbani. Januari 1939 walitia nanga New York.

Ni huko Marekani alikoongoza ujenzi wa kinu cha Chicago. Kilikuwa rundo la zaidi ya tani 300 za matofali ya grafiti, yaliyopachikwa urani ndani yake. Hakikuwa na ukuta wa kuzuia miale wala mfumo wa kukipoza. Kinga ilikuwa fimbo za kadimiamu, ambayo hufyonza nutroni, pamoja na vijana watatu waliosimama juu yake wakiwa tayari kukimwagia maji yenye chumvi ya kadimiamu.

Baada ya mlo, Fermi aliamuru fimbo ya mwisho ivutwe hatua kwa hatua. Kila hatua alisoma vipimo, akapiga hesabu, akabashiri kiwango kitakachofuata, kisha akakilinganisha na kilichojitokeza. Saa tisa na dakika 25 alasiri, mpasuko wa viini ulianza kujiendeleza wenyewe. Baada ya dakika 28 aliagiza kinu kizimwe. Nguvu kilizozalisha zilikuwa nusu wati, zisizotosha hata kuwasha balbu ndogo.

Nguvu hizo hazikubaki ndogo. Mradi wa bomu la atomiki ulipata sehemu kubwa ya urani yake kutoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Julai 16, 1945, bomu la kwanza lilipolipuliwa katika jangwa la New Mexico, Fermi alidondosha vipande vya karatasi ili akadirie uzito wa mlipuko kwa jinsi vilivyopeperushwa. Mwezi mmoja awali alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliishauri serikali kwamba hawakuona njia mbadala ya kutumia silaha hiyo vitani. Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa Agosti.

Mwaka wa 1949, Fermi na mwenzake Isidor Rabi walipinga kuundwa kwa bomu la haidrojeni, wakishikilia kwamba halikubaliki kimaadili. Serikali haikuwasikiza.

Fermi alifariki Chicago Novemba 28, 1954, kutokana na saratani ya tumbo, akiwa na umri wa miaka 53. Inasimuliwa kwamba hata akiwa kitandani hospitalini alikuwa akihesabu matone ya lishe yaliyopita mrijani, saa mkononi. Elementi ya 100, fermiamu, ina jina lake. Na hadi leo, kinu cha nyuklia huwashwa kwa utaratibu ule ule: hatua moja, kipimo, kisha nyingine.