SPEKE, MWINDAJI ALIYEUAWA NA BUNDUKI YAKE

Jina la John Hanning Speke tunalikuta katika somo la historia: ni yule muzungu aliyeona ziwa Nyanza pale Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858. Mwezi wa tatu wa mwaka ule alikuwa amevuka Tanganyika kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na ng'ambo yetu ya Kongo. Juu ya kifo chake tunasoma kidogo tu. Nakieleza hapa, zaidi kwa wenzetu wanaofuata baba zao porini wakati wa vakansi.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Mwaka 1844 akaenda Uhindi kuwa askari, na kila alipopewa ruhusa alipanda milima ya Himalaya kuwinda. Bunduki ilikuwa kwake kama jembe kwa mkulima. Mwaka 1862, alipompa Kabaka Mutesa wa Buganda bunduki na bastola, alitia pia masanduku ya risasi na fataki, maana bunduki bila chakula chake ni fimbo tu. Na chakula kisicho chake ni hatari! Kartushi ya 20 ukiitia katika kalibri 12, inateleza na kuziba mtutu. Ukitia ya 12 nyuma yake na kupiga, mtutu unapasuka pamoja na mkono wako.

Sasa ile siku yenyewe. Ni tarehe 15 Septemba 1864, saa kumi hivi ya mchana, kule Neston Park, Uingereza. Speke aliwinda kwale pamoja na binamu yake na mlinzi wa wanyama. Bunduki yake ilikuwa na mitutu miwili, ya kutilia kartushi nyuma, wala haikuwa na kizuizi cha usalama. Wakafika kwenye ukuta wa mawe, mfupi sana, kama kufika magoti. Binamu alikuwa mbele. Akasikia mlio, akageuka, akaona Speke amesimama juu ya ukuta bila bunduki mkononi, kisha akaanguka. Risasi zilimwingia kifuani upande wa kushoto. Mtutu mmoja ulikuwa umelia, nyundo ya wa pili ilikuwa imevutwa nusu.

Fikirini: mtu aliyewinda miaka ishirini! Ilitosha kufungua bunduki, kutoa kartushi zote mbili, kuilaza ng'ambo ya ukuta, mtutu ukitazama mbali, halafu kupanda mikono mitupu. Ni kazi ya dakika moja.

Wengine walisema alijiua. Waliochunguza kifo walikata kwamba ni ajali, nami naona walisema kweli, kwa sababu anayetaka kujiua hatafuti ukuta wa kupanda.

Binamu alikimbia kutafuta msaada, mlinzi akabaki naye. Baada ya kama robo saa Speke akakata roho. Alikuwa na miaka 37. Kesho yake angebishana na Burton, mwenzake wa zamani wa safari, juu ya chanzo cha mto Nile, mbele ya wataalamu katika mji wa Bath. Burton alikuwa amekwisha kufika na makaratasi yake, ndipo habari ikaletwa.