Mwezi Gisabo na Masilahi ya Nchi Yake

Wapo watu wanaodhani kwamba siasa ya nchi za nje ni elimu iliyoletwa Afrika na wakoloni, pamoja na bendera, mabalozi na mikataba ya karatasi. Kwa dhana hiyo, mababu zetu walijua mambo mawili tu walipokutana na mgeni mwenye nguvu: kupigana au kukimbia. Sisi tunaokaa katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kagerankanda hadi Kibondo, hatuna haja ya kwenda mbali ili kuukanusha uwongo huo. Ng'ambo ya mto Malagarasi aliishi mfalme aliyetawala zaidi ya miaka 50, akapambana na wafanya biashara ya watumwa, akapambana na majeshi ya Wajerumani, na baada ya yote hayo nchi yake ikabaki nchi. Huyo ni Mwezi Gisabo, mwami wa Burundi, aliyefariki tarehe 21 Agosti 1908.

Maisha yake yanastahili kusomwa upya, maana yanauliza swali ambalo kila taifa hulikuta siku moja. Je, katika vita kinachotetewa hasa ni nini? Ni heshima ya mtawala, au ni nchi na watu wake? Na vitu hivyo viwili vikigongana, kipi kitangulie?

Mwezi alikuwa mwana mdogo wa Ntare Rugamba, mfalme aliyeipanua Burundi kwa mkuki katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Alikalia kiti cha enzi yapata mwaka 1852 akiwa bado kijana, na kwa sababu hiyo kaka yake mkubwa, Ndivyariye, ndiye aliyeshika madaraka kwa niaba yake. Kama ilivyo desturi ya madaraka, aliyeyashika kwa muda hakupenda kuyarudisha. Mwezi ilimbidi ayatwae kwa nguvu. Kutokana na ugomvi huo waganwa, yaani watu wa ukoo wa kifalme, wakagawanyika: upande mmoja Batare, wazao wa Ntare, na upande wa pili Bezi, wazao wa Mwezi. Tunaomba msomaji ayaweke majina hayo mawili akilini, kwa kuwa tutayakuta tena zaidi ya miaka mia baadaye.

Siku hizo Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe na watumwa. Misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika ziwani. Katika Buha yetu kila mtawala alikuwa na siasa yake. Heru ilikuwa na mwami wake, Muhambwe wake, Buyungu wake, na kila mmoja alidai hongo, nayo ilikuwa ushuru wa njia wa zama hizo, wala tusiichanganye na rushwa ya leo. Stanley alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alitozwa nguo nyingi mno katika Buha, hata akaona afadhali apite porini usiku kwa siri kuliko kukutana na mkuu mwingine. Watawala wa Buha walijua haki yao juu ya ardhi yao. Lakini kila mmoja aliidai peke yake, na mgeni aliyeshindwa kumlipa huyu alitafuta njia ya kumzunguka kwa yule.

Mwezi alichagua njia nyingine. Yeye aliifunga nchi. Milima ya Burundi ilikuwa na watu wengi, na ngoma ya mwami, iitwayo Karyenda, ilitambuliwa nao kuwa ni alama ya nchi moja. Rumaliza wa Ujiji, ambaye jina lake hasa ni Mohamed bin Khalfan, alijaribu katika miaka ya 1880 kuingia kutoka upande wa kaskazini mwa ziwa, na bunduki zake zikashindwa na wingi wa mikuki. Ruga-ruga wa Mirambo, waliotikisa nchi zote kati ya Tabora na ziwa Tanganyika, nao hawakuweza kuitiisha Burundi. Kwa hiyo, ilhali nchi nyingine zilikuwa zikimwagwa damu na kupoteza vijana wao katika minyororo, Burundi kwa sehemu kubwa ilisalimika. Siasa ya kufunga mipaka ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa uhai wa watu.

Ila kufunga mlango hakumzuii mtu aliyekwisha kugawa nyumba yako akiwa kwake. Mwaka 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zikatia sahihi mkataba wa kugawana maeneo, na Burundi ikahesabiwa kuwa ya Wajerumani kabla Mjerumani yeyote hajaikanyaga. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipoivuka mwaka 1892, alidhani ukoo wa wafalme wa nchi hiyo umekwisha, kwa kuwa mwami hakujitokeza mbele yake. Mwaka 1896 Wajerumani wakaweka kituo Ujiji, kisha wakapanda hadi ncha ya kaskazini ya ziwa na kujenga ngome ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Mwezi aliendelea kukaa milimani, hakwenda kuwaamkia, wala hakuwapelekea heshima waliyoitaka.

Hapo ndipo ufa wa nyumbani ulipogeuka kuwa mlango. Palikuwa na mtu aitwaye Kilima, aliyedai kuwa ni wa damu ya kifalme, naye alishikilia sehemu za kaskazini-magharibi. Palikuwa na Maconco, mkwewe Mwezi mwenyewe, aliyeasi. Wote wawili walikwenda kwa Wajerumani kutafuta bunduki za kumalizia ugomvi wa jamaa. Kapteni von Beringe, aliyekuwa mkuu wa ngome ya Usumbura, alifurahi kuwapata. Mwaka 1903, bila idhini ya wakubwa wake, alipanda milimani pamoja na askari wake na washirika hao, akachoma makao ya mwami, akateka ng'ombe, akamsaka Mwezi kutoka kilima hadi kilima.

Mikuki iliyomshinda Rumaliza haikuweza kushindana na bunduki za mtombo. Mwezi, mzee wa miaka yapata 60, aliona mambo mawili. Vita vikiendelea, watu watakwisha na mazao yataungua. Na akifa yeye porini, Kilima na Maconco watakabidhiwa nchi vipande vipande. Akaja mwenyewe kusalimu amri. Tarehe 6 Juni 1903, mahali paitwapo Kiganda, alikubali mkataba. Alitozwa faini ya ng'ombe 424. Alitakiwa autambue utawala wa Wajerumani, ailinde misheni ya Mugera, na awatambue Kilima na Maconco kuwa watawala wasio chini yake.

Sisi tuliozaliwa katika desturi ya ubugabire tunajua ng'ombe 424 maana yake nini. Ng'ombe alikuwa ni urafiki, ni mahari, ni ahadi kati ya mkubwa na mdogo. Kumtoza mwami ng'ombe mbele ya raia wake kulikuwa ni kumvua nguo. Kwa hiyo wapo wanaomlaumu. Husema kwamba Mkwawa wa Uhehe hakusalimu amri. Alipigana miaka na miaka, na mwaka 1898 alijiua mwenyewe kuliko kukamatwa. Jina lake limebaki kuwa fahari ya Tanzania nzima, na ni haki yake. Basi, huuliza, kwa nini Mwezi aliinama?

Jibu letu ni kwamba kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Mkwawa aliacha mfano wa ushujaa, na taifa bila ya mifano ya namna hiyo huwa kama mwili usio na mifupa. Lakini Uhehe ilitawaliwa kama nchi iliyotekwa, na fuvu la mtawala wake likachukuliwa, likarudishwa mwaka 1954 tu. Mwezi alitoa heshima yake binafsi akabakiza kiti, ngoma na mipaka. Uzalendo wa mmoja ulikuwa katika kukataa. Uzalendo wa mwingine ulikuwa katika kuhesabu. Anayemwita Mwezi mwoga na asitazame siku ya Kiganda peke yake, bali na yale yaliyofuata.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi kuliko vita vyenyewe. Gavana von Götzen, aliyekaa Dar es Salaam, hakupendezwa hata kidogo na ushindi wa von Beringe. Sababu haikuwa huruma. Ujerumani ilikuwa na askari wachache katika pembe hiyo ya koloni, na ilikuwa inagombea mpaka wa Kivu na Rusizi na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold. Burundi iliyovunjika vipande ingehitaji majeshi na fedha. Burundi yenye mfalme mmoja ingeweza kutawaliwa kwa gharama ndogo. Von Beringe akaondolewa, akaja von Grawert. Huyu mpya akageuza mambo yote: Mwezi akatambuliwa kuwa mtawala wa Burundi nzima, na waasi wakapigwa. Maconco aliuawa mwaka 1905. Kilima alikamatwa na kupelekwa uhamishoni mbali na kwao.

Ndugu wasomaji, hapa pana fundisho ambalo halichakai. Kilima na Maconco walidhani wamepata rafiki, kumbe walikuwa chombo. Taifa la kigeni likikupa bunduki umpige ndugu yako, limekupa kwa ajili ya haja yake, na haja hiyo ikibadilika atapewa mwingine akupige wewe. Waliopewa ushindi mwaka 1903 walikuwa maiti na mfungwa kabla haijapita miaka mitatu au minne. Kadhalika tusidanganyike kwamba Wajerumani walimpenda Mwezi. Walihitaji mfalme, naye alikuwepo, bado hai, na watu bado wakimtambua. Laiti angekuwa amekufa vitani, wasingempata wa kumrudishia nchi.

Hata hivyo haki inatudai tuseme na upande wa pili. Nguvu zilizomrudishia Mwezi nchi hazikuwa zake. Waasi wake walipigwa na bunduki za mgeni, na tangu siku hiyo mwami alikuwa na deni ambalo halilipiki. Alipokufa mwaka 1908, mrithi wake, Mutaga, alikuwa kijana mdogo. Wakubwa wa nyumba ya kifalme wakagombania madaraka kwa niaba yake, na waganwa wa kaskazini-mashariki wakazidi kujitenga, ilhali Mjerumani akikaa kando kama hakimu wa ugomvi asiotaka uishe. Mwezi aliihifadhi nchi, lakini hakuweza kuiachia njia ya kumaliza magomvi yake yenyewe bila ya mgeni.

Wageni nao wakaendelea na hesabu zao. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Burundi, yakashuka hadi Kigoma na Tabora. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zikakubaliana: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Kigoma ikarudishwa kwa Waingereza mwaka 1921. Bugufi, ambayo ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi, ikabaki upande wa Tanganyika, na leo imo Ngara. Hivyo ndivyo sisi Waha tulivyokuwa Watanganyika na majirani zetu wakawa wa Mbelgiji, ingawa lugha zetu zinaelewana bila mkalimani. Hakuna mwami wala mkulima aliyeulizwa. Mpaka ulichorwa kwa masilahi ya mataifa, nayo hayakuwa mataifa yetu.

Sasa turudi kwa Batare na Bezi. Mwaka 1961, Burundi ikiwa karibu kupata uhuru, aliyeongoza chama cha UPRONA alikuwa Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa na kitukuu cha Mwezi Gisabo. Alishinda uchaguzi mwezi Septemba. Tarehe 13 Oktoba 1961 aliuawa kwa risasi mjini Usumbura. Walioonekana na hatia ya kula njama hiyo walikuwa pamoja na wana wawili wa Baranyanka, mkuu wa upande wa Batare ambaye Wabelgiji walimpenda. Ugomvi uliozaliwa wakati wa ujana wa Mwezi ulimfikia kitukuu chake, na kwa mara nyingine ulipita katika mkono wa mgeni. Tangu hapo Burundi imeonja misiba ambayo sisi wa Kasulu na Kibondo hatukusimuliwa bali tuliipokea mlangoni, mwaka 1972, mwaka 1993 na tena mwaka 2015, walipovuka maelfu kwa maelfu kuja kutafuta hifadhi.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya masilahi ya taifa, tusifikirie majeshi na mipaka peke yake. Mwezi Gisabo alikuwa na mashujaa, alikuwa na milima, alikuwa na akili ya kujua wakati wa kupigana na wakati wa kuinama. Kilichompungukia ni nyumba moja. Mlango uliofungwa miaka mingi dhidi ya Rumaliza na Mirambo ulifunguliwa na mkwe. Siasa bora ya nchi za nje huanzia ndani: raia wakiona kwamba haki yao itapatikana nyumbani, hawataifuata ngome ya Usumbura kutafuta bunduki.

Na uzalendo, ambao ni ngao ya taifa, usigeuzwe kuwa mkuki dhidi ya jirani. Yule anayetaka kutufundisha kumchukia mtu wa ng'ambo ya Malagarasi kwa sababu ya mstari uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji, na tumwulize kwanza anafanya kazi kwa masilahi ya nani. Mpaka tuulinde, maana ndani yake tumejenga taifa letu wenyewe. Lakini tuulinde kama watu wanaojua ulivyotokea, na wanaomkumbuka mzee yule aliyelipa ng'ombe 424 ili nchi yake isigawanywe.