Maisha ya Daktari Robert Koch, na Kikohozi cha Babu Yangu

Muhula huu nimepewa kazi ya kuandika habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wengi huchagua wafalme na majemadari wa vita. Mimi nimemchagua daktari, jina lake Robert Koch, Mdachi aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Sababu ya kumchagua ilitoka nyumbani kwetu, na afadhali nianze nayo.

Babu yangu ni mkulima wa mpunga ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Ulanga. Tangu ujana wake alikuwa akivuta sigara, na fedha zilipopungua alisokota tumbaku katika karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani. Nikubali pia kwamba mara nyingine niliwasha moja njiani, nikavuta kidogo, nikatafuna majani ya mpera ili harufu isinisaliti. Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, babu alianza kukohoa. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Usiku katika dungu la shambani alilowa jasho, na nguo zake zikawa kubwa kuliko mwili. Sisi sote tulisema kwamba ni kikohozi cha sigara tu. Jirani alisema kwamba ni mkono wa mtu. Hakuna aliyetaja hospitali. Ni katika siku hizo niliposoma maktabani habari za Koch.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa migodi, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Yasemekana kwamba alijifunza kusoma peke yake kwa kutazama magazeti, kabla hajaanza shule. Alisoma udaktari katika chuo kikuu cha Göttingen. Alitamani sana kusafiri duniani, lakini alipooa ilimbidi atulie, naye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa umo Poland.

Huko hakuwa na maabara wala vitabu vingi. Mkewe, Emmy, alimpa darubini ya kutazamia vitu vidogo. Koch akatenga sehemu ya chumba cha kupokelea wagonjwa, na jioni, wagonjwa walipokwisha kuondoka, alianza kazi yake ya pili. Wakati ule ng'ombe na kondoo wa wilaya ile walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch aliichunguza damu ya wanyama waliokufa, akavikuza vijidudu vyake, akawaambukiza panya, na mwaka 1876 akaonyesha mbele ya wataalamu wa chuo kikuu cha Breslau kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta kimeta. Daktari wa kijijini, asiyejulikana na mtu, alikuwa amefanya jambo lililowashinda wakubwa. Mwaka 1880 aliitwa Berlin akapewa maabara na wasaidizi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Siku hizo kifua kikuu kiliua watu wengi sana Ulaya. Koch mwenyewe alikadiria kwamba katika kila watu saba waliokufa, mmoja aliuawa na maradhi hayo. Madaktari wengi walidhani kwamba ni ugonjwa wa kurithi, au udhaifu wa mwili tu, ingawa Mfaransa Villemin alikwisha kuonyesha mwaka 1865 kwamba waweza kuambukizwa. Koch alianza kuutafuta mwezi wa Agosti 1881. Kijidudu chake ni chembamba mno na hakishiki rangi upesi, kwa hiyo alijaribu rangi mbalimbali mpaka kikaonekana cha buluu. Tena hukua polepole sana. Mwenye haraka angevitupa vyombo vyake baada ya siku chache, akisema hamna kitu. Koch alingoja, na katika wiki ya pili madoa madogo yakaanza kuonekana.

Tarehe 24 Machi 1882 alisimama katika chumba kidogo mjini Berlin, mbele ya wanachama wa chama cha wataalamu wa mwili. Hakuwa msemaji hodari. Lakini alikuwa amepanga mezani darubini na vioo vyake vingi, kila mtu ajionee. Alipomaliza kusoma, hapakuwa na makofi wala maswali. Watu walinyamaza, kisha wakainuka mmoja mmoja kwenda kutazama. Ndiyo maana tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani hata leo.

Mmoja wa waliokuwamo chumbani usiku ule alikuwa kijana Paul Ehrlich. Alitoka pale, akatafuta namna bora zaidi ya kukitia rangi kijidudu kile. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe akashikwa na kifua kikuu, na vijidudu vikaonekana katika makohozi yake. Alikwenda Misri kupumzika penye hewa kavu, akapona. Huyu Ehrlich, bingwa wa dawa na mshindi wa tuzo ya Nobel mwaka 1908, alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene, akitembea na kisanduku chake kwapani. Siwezi kusema kwamba moshi ndio uliomletea ugonjwa, maana katika maabara alishika vijidudu kila siku. Lakini nilipoyasoma hayo nilimkumbuka babu. Elimu ya mtu ya weza kuwa kubwa, na bado tumbaku ikamshinda.

Koch aliendelea kupata sifa, naye pia alikosea. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoitengeneza, iliyoitwa tuberkulini. Wagonjwa kwa maelfu walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine waliotiwa walikufa. Baadaye ilionekana kwamba yafaa kwa kupimia kama mtu amewahi kuambukizwa, na kwa kazi hiyo bado yakumbukwa.

Mtu huyu alifika hata nchini kwetu, ilipokuwa chini ya Wadachi. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya wanyama. Akarudi mwaka 1905, akafuata njia za misafara akikusanya papasi katika vibanda walimolala wapagazi. Aligundua kwamba papasi jike mwenye vijidudu vya homa ya papasi huvipitisha katika mayai yake hata kwa watoto. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, watu wa bonde letu la Kilombero na Mahenge walikuwa katika vita vya Maji Maji, wakiishambulia boma ya Mahenge. Serikali iliyomleta mwenye darubini ndiyo iliyoleta bunduki. Mwezi wa Desemba Koch alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 na 1907 alikuwa Uganda, katika visiwa vya Ssese, ambako malale yaliangamiza watu. Aliwatibu wengi kwa dawa iliyoitwa atoksili. Wengine walipata nafuu kwa muda, lakini wengine walipofuka macho kwa dawa hiyo. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, na mwandishi wa haki hawezi kuliruka. Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66.

Hapa kwetu Ifakara kazi ya namna yake haikukoma. Taasisi ya utafiti wa afya tunayoiona kila siku ilianza katika miaka ya 1950 kama maabara ndogo, chini ya Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi, ambaye naye aliwafuata papasi katika nyumba za Tanganyika.

Narudi kwa babu. Nilipokwisha kusoma, nilimweleza mama kwamba kikohozi kinachopita wiki mbili, pamoja na jasho la usiku na kukonda, si cha kusingizia sigara. Tulimvusha babu kwa daraja la Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, tukamfikisha hospitali. Makohozi yakapimwa. Kilikuwa kifua kikuu. Mdogo wangu aliyekuwa akilala chumba kimoja naye alipimwa pia, akaonekana mzima, akapewa dawa ya kinga. Babu alipewa dawa za miezi sita bila malipo.

Mwuguzi alitueleza jambo ambalo wengi hatulijui. Katika njia za hewa mna vinyweleo vidogo mno, vinavyopepea kama mpunga upepo unapovuma, vikisukuma nje vumbi na makamasi. Moshi wa tumbaku huvilaza, halafu huviua. Ndani zaidi, katika vifuko vya hewa, mna chembe zinazolinda kama askari, na moshi huzidhoofisha. Basi kijidudu cha Koch kikiingia hukuta mlango wazi na mlinzi amesinzia. Mvutaji hupatwa na kifua kikuu kiasi cha mara mbili kuliko asiyevuta, na akitibiwa huku akiendelea kuvuta, ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi. Hayo ni mbali na saratani ya mapafu na vifuko vya hewa kuharibika.

Siku hizi baadhi ya vijana husema kwamba sigara ya umeme haina neno, maana haina majivu. Ni kweli kwamba haichomi tumbaku, lakini mvuke wake huenda mapafuni kule kule, na mara nyingi una nikotini, ile ile inayomfunga mtu. Mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, Wamarekani zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vifaa hivyo, hasa vilivyotiwa dawa ya bangi iliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Waliokufa walikuwa 68.

Babu alimeza dawa zake, lakini kwa mwezi wa kwanza alivuta kwa siri. Niliona vipande vya sigara chini ya dungu. Siku moja akanituma dukani kama zamani. Kumkatalia mzee ni jambo zito kwetu. Nilipiga magoti, nikamwambia kwamba siendi. Nikamsimulia habari za Koch aliyengoja wiki mbili mbele ya vyombo vyake, na za Ehrlich na kisanduku chake. Nikaungama pia kwamba nilikuwa nikizivuta sigara zake njiani. Alinyamaza muda mrefu, akiutazama mpunga. Hakunituma tena.

Alimaliza miezi sita, akapimwa, akaambiwa amepona. Lakini pumzi yake haikurudi yote. Kutoka nyumbani hadi dunguni hupumzika mara mbili, naye zamani alikwenda mara moja na gunia begani. Tungalimpeleka mapema, pengine asingepumzika hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 1.25 walikufa kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao kijidudu chake kilionekana tangu mwaka 1882 na dawa yake ipo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi, wanafunzi wenzangu, mwenye mzee anayekohoa nyumbani asingoje mavuno yaishe. Na wewe unayejificha nyuma ya bweni na sigara, fahamu kwamba nami nilikuwa huko, nikaacha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu