Kabasele na Santuri Zake

Joseph Kabasele alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Matadi, nchini Kongo. Wakati huo Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji. Alipata sifa katika mji wa Léopoldville, ambao leo unaitwa Kinshasa. Alikuwa mwimbaji mwenye sauti laini. Mwaka 1953 yeye na wenzake waliunda bendi ya African Jazz. Watu walimpa jina la Grand Kallé, yaani Kallé Mkubwa.

Siku hizo watu walisikiliza muziki kwa redio na kwa santuri. Santuri ni sahani nyeusi inayozungushwa juu ya gramafoni. Lakini kampuni za santuri za Léopoldville zilikuwa mali ya wafanyabiashara wageni. Wengi wao walikuwa Wagiriki. Mitambo ya kunasa sauti ilikuwa yao. Hata magitaa mengi yalikuwa yao. Mwanamuziki alileta sauti yake na ufundi wake tu. Biashara ya santuri ilibaki mikononi mwa mwenye kampuni.

Mwezi wa Januari 1960 viongozi wa Kongo walikwenda Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Walikwenda kudai uhuru. Kabasele na wanamuziki wenzake walikwenda pia, kuwaburudisha wajumbe. Huko wakaimba wimbo wa kushangilia uhuru, uitwao Indépendance Cha Cha. Wimbo huo ulipendwa Kongo na katika nchi nyingi za Afrika.

Kabasele hakurudi nyumbani na sifa tu. Mwaka huo huo wa 1960 alianzisha kampuni yake ndogo ya santuri. Aliiita Surboum African Jazz. Surboum ni neno la Kifaransa, maana yake ni karamu ya vijana ya kucheza dansi. Kabasele hakuwa na kiwanda. Basi alipatana na watu wa Ubelgiji, santuri zikatengenezwa huko. Lakini jina lililoandikwa juu ya santuri lilikuwa lake. Alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa kwanza wa Kongo kumiliki kampuni ya namna hiyo.

Je, aliwafungia wengine mlango? La. Bendi ya OK Jazz ya Franco ilikuwa mshindani wake mkubwa. Hata hivyo, mwaka 1961 OK Jazz walikwenda Brussels kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Kabasele. Baadaye Franco naye akaanzisha kampuni yake.

Lakini kumiliki mali ni jambo moja, kukaa vizuri na wenzako ni jambo jingine. Mwaka 1963 Docteur Nico, mpiga gitaa hodari, na mwimbaji Rochereau waliondoka African Jazz. Wakaunda bendi ya African Fiesta. Pigo hilo lilikuwa kubwa kwa Kabasele.

Kabasele alifariki mwaka 1983. Alionyesha kwamba fundi anaweza pia kuwa mwenye mali ya kazi yake. Jambo hili linatuhusu hata sisi tunaolima, tunaosuka na tunaochonga.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kabla ya mwaka 1960, nani alimiliki mitambo ya kunasa sauti?
2. Kabasele hakuwa na kiwanda. Alifanyaje?
3. Katika kijiji chetu, nani anapanga bei ya mazao yetu?